Tafadhali Andika Jina Sahihi

Skripti yangu ya kwanza ya kujaribu tovuti iligoma kwa siku nne. Ilipokubali, ndipo tatizo kubwa lilipoanza.

Wanachama wenzangu mnaikumbuka jioni yetu ya pilau ya mwaka jana. Fomu ya kujiandikisha iliharibika siku mbili kabla, hakuna aliyejua, na watu zaidi ya 20 wakafika mlangoni majina yao hayamo kwenye orodha. Wa mwisho kufika walikula kachumbari na soda. Mwaka huu, katika mkutano wetu wa kwanza, katibu aliuliza nani atahakikisha jambo lile halijirudii. Mimi nasoma kompyuta, mwaka wa pili, kwa hiyo wote wakanigeukia. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Nitaandika skripti. Itaijaribu fomu kila asubuhi, yenyewe."

Sikuwa nimewahi kuandika skripti ya namna hiyo hata mara moja.

Nimeandika makala haya kwanza kwa wenzangu wanaoanza kujifunza programu, ili yaliyonipata yasiwapate. Lakini nawaomba na wale wasiopenda kompyuta wasome hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake unahusu majina yetu.

Mtoto anayetumwa dukani

Skripti ya kujaribu tovuti ni programu fupi inayoendesha kivinjari kama anavyokiendesha mtu. Inafungua ukurasa, inaandika jina kwenye kisanduku, inabofya kitufe, kisha inaangalia kilichotokea. Ukikaa mbele ya skrini utaona herufi zinajiandika zenyewe, utadhani kuna jini chumbani. Mwishoni inakupa jibu moja kati ya mawili: kijani, imefaulu, nyekundu, imeshindwa.

Mimi nilitumia Selenium kwa lugha ya Python. Selenium ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago. Baadaye iliunganishwa na WebDriver, kazi ya Simon Stewart, na mwaka 2018 namna hiyo ya kuendesha kivinjari ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. WebDriver ni dereva kweli. Kivinjari ndiyo gari, na skripti yako ni abiria anayesema "kata kushoto, shusha hapo." Ukimwelekeza vibaya, dereva huyu hakuulizi mara mbili.

Mama yangu, mzaliwa wa Mombasa, hajui Python, lakini nilipomweleza kwa simu alielewa upesi kuliko mimi. Alisema, "Ni kama kumtuma mtoto mdogo dukani, mwanangu. Usipomwambia kila kitu, atakurudia na chumvi badala ya sukari." Nitautumia mfano huo mara kwa mara, maana makosa yangu karibu yote yalikuwa ya namna hiyo.

Siku ya kwanza: dereva wa zamani

Nilifuata somo la video. Lilikuwa la mwaka 2019, nami sikuangalia tarehe. Mwalimu wa video alisema tupakue dereva wa Chrome kwa kiungo alichokiweka na kumhifadhi kwenye folda. Nilifanya hivyo, nikaendesha skripti, na kivinjari hakikufunguka kabisa. Ujumbe mrefu ukatokea kwa herufi nyekundu. Nilifanya anachofanya kila mwanafunzi: nikaufunga bila kuusoma, nikaendesha tena.

Mara ya tano niliusoma. Ulisema wazi kwamba dereva yule anajua toleo moja la Chrome, na kompyuta yangu ina toleo jingine. Chrome hujisasisha yenyewe, na mwaka 2021 toleo jipya lilianza kutoka kila baada ya wiki nne hivi. Dereva uliyempakua kwa mkono huachwa nyuma haraka sana. Habari njema ni kwamba tangu toleo la 4.6 la mwaka 2022, Selenium humtafuta yenyewe dereva anayelingana na kivinjari chako. Nilifuta faili nililopakua, nikafuta mstari uliotaja folda yake, nikasasisha Selenium, na kivinjari kikafunguka.

Mstari uliofuata ukaanguka. Skripti ilidai dereva hana kitu kinachoitwa find_element_by_id, na mwalimu wa video alikuwa akikitumia kila dakika. Hilo nalo lilikuwa suala la umri. Amri hiyo iliondolewa mwaka huohuo wa 2022, na sasa tunaandika find_element(By.ID, "jina"). Siku nzima ilipotea kwa kutosoma vitu viwili: tarehe ya somo na ujumbe wa hitilafu. Ujumbe huo huwa mrefu na wa kutisha, lakini anayeanza na Python asome kwanza mstari wa mwisho. Mara nyingi habari yenyewe iko pale.

Siku ya pili: duka halijafunguliwa

Sasa ukurasa ulifunguka, lakini skripti ilisimama na kusema NoSuchElementException, yaani kitu unachokitafuta hakipo. Mimi nilikuwa nakiona! Kisanduku cha jina kilikuwa pale pale, katikati ya skrini.

Nilidhani nimekosea kukielekeza, nikanakili XPath yake nzima. Hii ni njia ndefu inayohesabu kila hatua kuanzia juu ya ukurasa hadi kwenye kisanduku, kama kumwambia mtu "nyumba ya tatu, mlango wa pili, chumba cha nne." Haikusaidia, na jioni hiyohiyo mwenzetu anayetunza tovuti aliongeza picha juu ya ukurasa, hesabu yote ikaharibika. Nyumba hutafutwa kwa jina la mwenyewe. Kama kisanduku kina id au name, tumia hiyo, maana picha ikiongezwa juu jina halibadiliki.

Ila tatizo langu halikuwa anwani. Fomu yetu haimo ndani ya ukurasa pale unapofika. JavaScript huileta baadaye kidogo, sekunde moja au mbili. Jicho la mtu halitambui pengo hilo, lakini skripti huangalia mara moja, papo hapo, na isipoona huondoka. Nilimsimulia mama. Akacheka: "Umemtuma mtoto kabla duka halijafunguliwa."

Dawa niliyoikimbilia ni ile ya kila anayeanza: time.sleep(10), yaani lala sekunde 10. Ni dawa mbaya. Duka likifunguliwa baada ya sekunde moja, mtoto bado amelala mlangoni sekunde tisa bure. Likichelewa hadi sekunde ya 11, kama intaneti ya bweni letu ifanyavyo usiku, mtoto ameshaondoka. Dawa nzuri ni WebDriverWait. Unaiambia: subiri mpaka kisanduku kionekane, lakini usizidi sekunde 10. Yenyewe huchungulia kila nusu sekunde, na kikionekana tu, inaendelea na kazi. Kwa ufupi, usisubiri muda, subiri kitu. Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa tangu utotoni, lakini hata kusubiri kunataka akili.

Siku ya tatu: duka lililo ndani ya ua

Niliweka WebDriverWait, na skripti ikashindwa tena. Nusura nilie. Nilikuwa naamini ni kosa lilelile, kumbe nilikuwa sisomi tena. Safari hii ujumbe ulikuwa TimeoutException: nimesubiri muda wote ulionipa na sikukiona. Hiyo ni habari mpya. Haraka haikuwa tena sababu, kwa hiyo nilipaswa kutafuta sababu nyingine. Ujumbe ukibadilika, hata kama bado ni mwekundu, ujue umesogea hatua.

Niliiambia skripti ipige picha ya skrini pale inaposhindwa, kwa amri ya save_screenshot. Picha ilionyesha kisanduku kipo. Kama mimi nakiona na skripti haikioni hata ikisubiri, basi hatusimami mahali pamoja. Mwenzangu wa maabara alinionyesha jinsi ya kubofya kulia na kuchunguza ukurasa kwa ndani, tukagundua kwamba fomu iko ndani ya fremu. Fremu ni ukurasa ndani ya ukurasa. Fomu yetu iliandikwa zamani na mwanachama aliyekwisha hitimu, inakaa kwenye anwani nyingine, na tovuti ya chama inaionyesha tu. Duka liko ndani ya ua, na mtoto aliyesimama barabarani haoni kaunta hata akingoja mpaka magharibi. Inabidi umwambie aingie uani kwanza, kwa amri ya switch_to.frame, ndipo atafute. Mstari mmoja tu, na jina likajiandika.

Siku ya nne: aliyesimama mlangoni

Kilichobaki ni kitufe cha "Jisajili." Skripti ilikiona, ikakibofya, ikapata ElementClickInterceptedException: kuna kitu kingine kimeupokea mbofyo wako. Nilitazama picha ya skrini na kuona lile bango la vidakuzi limekalia kitufe, bango linalokuuliza kama unakubali tovuti ihifadhi taarifa zako. Nilishangaa, kwa sababu nikifungua tovuti mwenyewe silioni kamwe.

Mimi nilishalikubali miezi mingi iliyopita, na kivinjari changu kinakumbuka. Selenium hufungua kivinjari kipya kisichokumbuka chochote, sawasawa na mgeni anayetembelea tovuti yetu kwa mara ya kwanza. Basi nilikuwa sijaiona tovuti yetu kama mgeni anavyoiona, na nisingeiona bila skripti. Dawa ilikuwa kubofya "Nakubali" kwanza, kabla ya kuingia kwenye fremu, kwa kuwa bango liko nje, kwenye ukurasa mkubwa. Mpangilio huo ni muhimu: ukishaingia uani huwezi kumwondoa aliyesimama barabarani mpaka utoke.

Saa saba na dakika ishirini usiku skripti iliandika "Jane Smith" kwenye fomu, ikachagua pilau ya nyama, ikabofya kitufe, ikatafuta neno "Asante," ikalipata. Kijani. Nilifurahi mno hata nikaiendesha tena na tena kwa raha tu.

Asubuhi mweka hazina alinipigia. "Dada, huyu Jane Smith ni nani? Ameagiza sahani 37." Nilikuwa nimejaribu kwenye orodha halisi. Mpishi alikuwa ameshaanza kukadiria mchele. Tulifuta sahani zote za Jane, tukatengeneza nakala ya fomu kwa ajili ya majaribio, na katibu akatangaza kwenye kundi letu la simu kwamba fomu ni nzima na inajaribiwa kila asubuhi. Wengine walinipigia makofi ya emoji.

Jina lisilo sahihi

Wiki moja kabla ya jioni yenyewe, baada ya mazoezi ya ngonjera, msichana wa mwaka wa kwanza alinifuata pembeni. Alizungumza polepole, Kiswahili cha mtu aliyekijua kwa bibi yake tu. "Dada, samahani. Hivi jioni ya pilau ni ya wanachama wa zamani peke yao?" Nikamwambia hapana, ni ya wote, jiandikishe tu. Akasema amejaribu mara tatu, kisha akaacha. Alinionyesha simu yake. Chini ya jina lake fomu ilikuwa imeandika kwa wekundu: "Tafadhali andika jina sahihi."

Jina la ukoo wake, ambalo sitalitaja hapa, linaanza na Ng'. Alilipewa na babu yake.

Sikujua niseme nini. Alikuwa haulizi habari za kompyuta. Alikuwa anauliza kama anatakiwa. Tumetoka wengi kwenye shule za hapa Uingereza ambako mwalimu alisita kila alipofika kwenye jina letu, akalikata nusu au akatubandika jina la mkato. Halafu msichana huyu anakuja kwenye chama cha Kiswahili, na chama kinamwambia jina lake si sahihi.

Tena chama cha Kiswahili! Walimu wetu hutufundisha tangu muhula wa kwanza kwamba ritifaa ile si pambo. Ngoa ni wivu na tamaa, ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na tofauti yote iko kwenye alama moja. Ng'ombe anaihitaji, nyota zinazong'aa zinaihitaji. Na sisi wenyewe, watu wa ng'ambo, tunaihitaji. Fomu yetu ingelikataa hata neno tunaloitwa nalo nyumbani.

Kosa la fomu lilikuwa dogo. Aliyeiandika aliweka sharti kwamba jina liwe na herufi A hadi Z na nafasi, basi. Sina shaka alitaka kuzuia takataka. Lakini swali langu lilikuwa jingine: mbona skripti yangu ilikuwa kijani kila asubuhi?

Jibu la kwanza ni rahisi, nami naona aibu kulisema. Nilijaribu kwa jina "Jane Smith." Mimi, binti wa mama wa Mombasa, nilipotakiwa kubuni mtu wa kujaza fomu ya Waswahili, nilimbuni Jane Smith, kwa sababu video ilimtumia Jane Smith.

Jibu la pili lilinitia hofu zaidi. Usiku ule niliondoa Jane Smith, nikaweka jina linaloanza na Ng', nikaendesha skripti nikingoja nyekundu. Ikaja kijani. Nilijua kwa hakika kwamba fomu inalikataa jina hilo, na skripti inaniambia mambo ni shwari. Nikajaribu bila jina lolote. Kijani. Nikafuta kabisa mstari wa kubofya kitufe. Kijani!

Kumbe neno "Asante" lilikuwamo kwenye ukurasa tangu mwanzo. Fomu huja nalo likiwa limefichwa, na hulifunua tu baada ya mtu kujiandikisha. Skripti yangu ilikuwa inatafuta neno hilo kwenye page_source, yaani maandishi yote ya ukurasa, yanayoonekana na yaliyofichwa. Kwa hiyo isingeweza kushindwa hata fomu ikiungua. Mtoto niliyemtuma dukani alikuwa anarudi kila siku na kusema "nimenunua," nami sikuwahi kumwambia anionyeshe mkoba.

Nilibadilisha skripti isubiri mpaka ujumbe wa "Asante" uonekane kwa macho. Nikaiendesha kwa jina la Ng', na kwa mara ya kwanza nyekundu ilinifurahisha. Sasa ilikuwa inasema kweli. Tukarekebisha fomu ikubali ritifaa, ikawa kijani, nikampigia yule msichana. Akajaribu kwa simu yake, ikamkataa tena.

Jambo la mwisho nililojifunza ni hili: baadhi ya kibodi za simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ili maandishi yapendeze. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mimi nilikuwa najaribu kwa kompyuta, wanachama wanajiandikisha kwa simu. Hapo katibu alisema neno la busara: "Kwa nini fomu ihukumu jina la mtu? Anayejiandikisha ndiye anayejua anaitwaje." Tukaondoa sharti lote, tukabakiza moja tu, kwamba kisanduku kisiwe kitupu.

Kwa anayeanza

Kama skripti yako imegoma leo usiku, haya ndiyo ninayoyafanya sasa, kwa mpangilio huu. Nasoma mstari wa mwisho wa ujumbe, na kuulinganisha na ule wa mara iliyopita. Naangalia tarehe ya somo ninalolifuata. Napiga picha ya skrini pale inaposhindwa. Najiuliza kama nimesubiri kitu chenyewe au muda tu, kama kuna fremu, na kama kuna kitu kimekaa juu ya kitufe. Na ikishakuwa kijani, kabla ya kumwambia mtu yeyote, naivunja kwa makusudi: naweka jibu baya, naondoa hatua moja, naangalia kama itaona. Skripti ambayo hujawahi kuiona ikishindwa kwa haki, usiiamini inapofaulu.

Jane Smith bado yumo kwenye orodha yangu ya majaribio, maana naye ana haki ya kula pilau. Lakini sasa ana wenzake. Yuko mwenye ritifaa iliyonyooka na mwenye ritifaa iliyopinda. Yuko mwenye kistari katikati ya majina mawili. Yuko mwenye jina la Kifaransa lenye alama juu ya e, kama ndugu zetu wengi wa Kongo. Yuko mwenye majina manne na mwenye jina moja tu. Kila asubuhi wote saba wanabisha hodi kwenye nakala ya fomu, na wote saba wanakaribishwa.

Jioni ya pilau nilipewa kazi ya kukaa mlangoni na orodha. Yule msichana alifika na binamu yake, akanitajia jina lake lote, herufi kwa herufi, kama mtu aliyezoea kuulizwa mara mbili. Nikamwambia halina haja, limo. Akainama kulitazama kwenye karatasi, ritifaa na yote, kisha wakaingia kula.